UZI: The Champ (1931), filamu ya ngumi ambayo ngumi yake nzito imepigwa ukutani

MzeeWaProjekta (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Kuna uzi humu ulikuwa unabishania filamu bora ya ngumi ya Marekani. Kama kawaida watu walianzia miaka ya sabini, utadhani kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wanacheza bao tu. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nikaona nifungue wangu.

Naileta The Champ ya mwaka 1931. Studio MGM, mwongozaji King Vidor. King si cheo wala mbwembwe, ndilo jina alilopewa na wazazi wake huko Galveston, Texas, alikozaliwa 1894. Hadithi ni ya Frances Marion. Wallace Beery ni Andy, bondia aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu na sasa ni mlevi na mcheza kamari mjini Tijuana, upande wa Mexico wa mpaka. Jackie Cooper ni Dink, mwanawe. Mama wa mtoto alishaachana na Andy zamani, akaolewa na tajiri. Siku moja mama na mume wake wanafika kwenye mashindano ya farasi Tijuana na kumkuta huyu mtoto ana farasi wake anayeshindana. Farasi mwenyewe baba alimpata kwa hela ya kamari. Mnaona mambo yanakoelekea.

Ukiisimulia hivyo inasikika kama tamthilia ya saa mbili usiku. Ndiyo maana nataka tumzungumze mwongozaji.

Kwanza, hii ni filamu ya ngumi ambayo pambano lenyewe linakuja mwishoni kabisa. Muda wote uliotangulia tunamwona bondia akifanya kila kitu isipokuwa kupigana: anakimbia mazoezi pumzi zinakata, anaharibu miadi ya mapromota kwa pombe, anacheza kamari, analala na mwanawe chumba kimoja. Filamu inaanza na wawili hao barabarani wanakimbia, kamera inasogea nao. Baba ndiye anayefanya mazoezi lakini mtoto ndiye kocha. Hakuna aliyekaa akatueleza nani mkubwa nani mdogo katika nyumba hii. Unaona miguu yao tu, umeshaelewa.

Pili, Vidor hana haraka na uso. Tumezoea mtu akitaka kulia kamera inamrukia puani. Huyu bwana mara nyingi anawaacha watu wawili ndani ya picha moja, wazima wazima, wahangaike. Mtoto anamvua baba mlevi nguo ili alale, wewe umekaa pembeni kama jirani aliyechungulia mlangoni. Muziki haukusukumi ulie.

Tatu, na hapa ndipo kichwa cha uzi kilipotoka. Andy ametupwa jela baada ya vurugu. Ameshaona hana cha kumpa mtoto, bora aende kwa mama. Mtoto hataki. Basi anaanza kumfokea kwamba amemchoka, na mwisho anampiga kofi. Mtoto anaondoka. Andy anabaki peke yake, anaupiga ukuta kwa mkono uleule uliompiga mwanawe.

Mkono wa bondia ndio shamba lake, ndio duka lake, na anauponda mwenyewe kwa sababu umefanya kazi ambayo haukuumbiwa. Nimetazama filamu nyingi za ngumi maishani na sijaona pigo zito kuliko hilo, na halina mpinzani wala refa.

Karibuni. Sharti ni moja: usiniambie picha za zamani zinachosha kama hujawahi kuimaliza hata moja.

---

KonaYaBluu

Nimekaa pale, chai mkononi.

---

BintiPangani

Mzee, mimi naijua ya rangi, ya mwaka 1979, ya Zeffirelli. Jon Voight na yule mtoto mwenye nywele za dhahabu, Ricky Schroder. Kaka yangu aliileta kwa mkanda wa VHS, sebule nzima tukalia, hata mjomba ambaye alikuja tu kuchukua pampu ya baiskeli. Sikujua ina babu yake.

Lakini niliapa sirudii. Mtoto anamwamsha baba yake na baba haamki. Hapana kwa kweli.

---

MzeeWaProjekta

Dada BintiPangani, hukulia peke yako. Kile kipande cha mwisho cha 1979 kimeingia mpaka maabara. Mwaka 1995 watafiti wawili wa saikolojia, Gross na Levenson, walichapisha utafiti kuhusu vipande vya filamu vinavyoamsha hisia fulani bila kuchanganya na nyingine. Kwa huzuni, kipande hicho cha chini ya dakika 3 kilikuwa miongoni mwa vilivyofanya kazi kuliko vyote, na tangu hapo wanasayansi wamekuwa wakikitumia kuwahuzunisha watu makusudi.

Ila ukiziweka mbili hizo pamoja utaona tofauti ya waongozaji. Zeffirelli anamfungia mtoto na maiti, kamera usoni, machozi yanatiririka. Vidor anafanya jambo jingine kabisa. Baba amekata roho kwenye chumba cha kubadilishia nguo, chumba kimejaa wanaume. Dink anazunguka kwa huyu, anamtoka. Anakwenda kwa yule, anamsukuma. Kila mtu mzima anajaribu kumshika na kila mmoja si yeye anayetakiwa. Anachosema ni kimoja tu, anamtaka Champ. Mtoto anatembea, hajakaa mahali. Huzuni yake ina miguu.

---

UlingoMweupe

Salaam wakuu. Mimi ni mtu wa ngumi zaidi kuliko sinema, niruhusuni nitie neno la historia, kwa sababu watu hawajui kwamba sinema na ngumi Marekani zimelelewa kwenye titi moja.

Machi 17, 1897, Carson City, Nevada, Bob Fitzsimmons alimpiga Jim Corbett akachukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Enoch Rector alikuwa na kamera zake kando ya ulingo, na filamu iliyotoka ilizidi dakika 100. Wakati huo filamu nyingi zilikuwa za dakika moja au pungufu: treni inaingia stesheni, wafanyakazi wanatoka kiwandani, basi. Kwa hiyo filamu ndefu ya kwanza duniani ni pambano la ngumi. Hapana mapenzi, hapana vita.

Kisha Julai 4, 1910, Reno, Nevada. Jack Johnson, Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, akamtandika James Jeffries ambaye walimtoa kwenye kustaafu aje "kurudisha heshima" ya Wazungu. Raundi ya 15 kazi ikaisha. Vurugu zikalipuka miji mingi ya Marekani na Weusi wakauawa. Filamu ya pambano ikapigwa marufuku sehemu nyingi, na mwaka 1912 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia filamu za mapambano ya ngumi kusafirishwa kutoka jimbo moja kwenda jingine. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1940.

Sasa linganisheni miaka. The Champ imetoka 1931, katikati ya marufuku. Pambano la kweli halikuruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo, lakini pambano la kuigiza la MGM liliingia kila mji. Hii ni tafsiri yangu, lakini naona ndiyo maana filamu ya ngumi ya enzi zile haikuwa na haja ya kushindana na ngumi halisi. Ilibidi itafute kitu kingine cha kuuza. Vidor akauza mtoto.

---

KonaYaBluu

UlingoMweupe umefungua shule. Hiyo ya dakika 100 mwaka 1897 nimeisoma mara mbili.

---

NyotaYaMchana

Naomba niwe mkorofi kidogo.

Nimeiona. Na nasema "Vidor akauza mtoto" ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote humu. Ni filamu ya kukamua machozi, mashine ya MGM. Umechukua mtoto ambaye mwaka uleule 1931 ameteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora kwa Skippy, akiwa na miaka 9. Umechukua zee lenye sura ya gunia la viazi ambalo watazamaji wanalipenda. Umeongeza farasi. Umeongeza mama mzuri aliyevaa manyoya. Nani hatalia? Kipaji cha mwongozaji kiko wapi hapo?

Vidor ninayemheshimu mimi ni wa The Crowd, 1928, filamu ya kimya. Kamera inapanda ukuta wa ghorofa refu New York, inaingia dirishani, inakuta ukumbi wa madawati yasiyohesabika, halafu inashuka mpaka dawati moja la kijana mmoja asiye na umuhimu wowote. Aliwatuma watu mitaani na kamera zilizofichwa ili apate umati halisi. HUYO ndiye Vidor. The Champ ni Vidor aliyeajiriwa.

Halafu hizo sifa za "kamera inakaa mbali"... mwaka 1931 sauti ilikuwa ngeni, mikrofoni mizito, kamera hazitembei ovyo. Pengine alikaa mbali kwa sababu hakuwa na njia!

---

MzeeWaProjekta

Mkuu NyotaYaMchana, nashukuru kwa upinzani, uzi ulikuwa unataka kugeuka kitchen party.

Nianze na la mwisho. Hoja ya "hakuwa na njia" ingemfaa mwongozaji mwingine. Vidor miaka miwili nyuma, 1929, alitengeneza Hallelujah, filamu yake ya kwanza ya sauti. Matukio ya nje aliyapiga kimya huko Tennessee na Arkansas, sauti akaja kuiunganisha baadaye, kusudi kamera isifungwe kamba na mikrofoni. Mpiga picha alikuwa Gordon Avil. Nani mpiga picha wa The Champ? Gordon Avil huyohuyo. Hawa wawili walishajua kuikwepa mikrofoni ikiwabana. Na mwaka huohuo wa 1931 Vidor ametoa Street Scene, hadithi nzima mbele ya nyumba moja ya wapangaji, na akajiwekea sharti la kutorudia pembe ya kamera. Mtu wa namna hiyo akiiacha kamera imetulia, ameamua.

La pili, kwamba The Crowd ndiyo yenye Vidor. Nakubali ni kubwa kuliko The Champ. Lakini umeisahau sehemu yake muhimu mkuu wangu. Yule kijana wa The Crowd, John Sims, anapoteza binti, anapoteza kazi, anafika darajani juu ya reli anataka kujirusha. Nani anamrudisha? Mtoto wake wa kiume, anayemfuata nyuma na kumwambia anampenda. Baba aliyeanguka, na mtoto ambaye hajapata habari kwamba baba ameanguka. Miaka mitatu baadaye Vidor amechukua daraja hilo moja akalifanya filamu nzima. Huyo hajaajiriwa, amerudi nyumbani kwake.

Kuhusu gunia la viazi sina pingamizi. Beery alikuwa na miaka 46, na mwili ule haukuwahi kuogopa chapati. Ila ndiyo maana unaamini kwamba moyo utamshinda.

---

JiraniWaLikoni

Wadau, hamjambo. Mombasa hapa.

Mimi swali langu ni la lugha. Mmegundua kwamba Dink hamwiti babake "baba" hata siku moja? Anamwita Champ. Yaani Bingwa. Kila siku, hata akimsaka kwenye vilabu, hata akimvua nguo: Champ twende, Champ lala, Champ umeniahidi. Na farasi naye ameitwa Little Champ, Bingwa Mdogo.

Cheo alishakipoteza zamani, dunia nzima inajua. Amebaki mtu mmoja tu anayekitamka kwa kumaanisha. Huku kwetu mtu akiacha ualimu miaka thelathini bado ataitwa mwalimu mpaka kaburini, ni heshima, hakiumi kitu. Lakini kwa Andy kila akiitwa ni kama kudaiwa. Anarudi ulingoni kulipa deni la jina.

Halafu mwisho, baada ya kuzunguka chumba kile anavyosema Mzee, mtoto anamwona mamake na ndipo anamwita mama. Kwa filamu nzima neno la mzazi halikuwa mdomoni mwake, limetoka siku alipobaki na mmoja.

---

BintiPangani

Jirani wewe. Sasa mnataka nivunje kiapo.

---

MzeeWaProjekta

JiraniWaLikoni, nimeitazama mara nne na hilo la mama sikuliweka hivyo kichwani. Heshima yako.

---

UlingoMweupe

Na upande wa ngumi zenyewe? Nijibuni kitaalamu: pambano lile lina thamani au ni vumbi tu?

---

MzeeWaProjekta

Kitaalamu wa ngumi utacheka, mkuu. Ni kurushiana mikono, ulinzi hakuna, mtu anapokea makonde ambayo daktari yeyote wa leo angesimamisha raundi ya kwanza. Beery si bondia na haigizi kuwa fundi.

Lakini angalia Vidor anaitazama wapi. Mtoto yuko kwenye kona. Konde likitua kwa Andy, unalisoma kwa Dink. Anayetaka pambano lisimame ni yeye, anayekataa ni Andy. Mizani yote ya raundi iko kati ya kona na katikati ya ulingo. Yule bingwa wa Mexico kwa hakika ni kama mvua, ni kitu kinachomnyeshea Andy tu.

Na hapa niwaambie jambo kuhusu Vidor ambalo ndilo ufunguo wa kila kitu chake, mdundo. Alipotengeneza The Big Parade, 1925, filamu ya kimya ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuna tukio la wanajeshi kutembea msituni kuelekea kifo. Alichukua metronomi, ile mashine ya wanamuziki inayogonga tiki-taka, akaweka na ngoma kubwa pale msituni, na kila mwigizaji akaamriwa akanyage kwa pigo la ngoma. Kugeuka kwa pigo, kuanguka kwa pigo. Mwenyewe alisimulia kwamba mmoja wa waigizaji wa ziada, mwanajeshi wa zamani Mwingereza, aliuliza kwa hasira kama wanacheza dansi. Alikuwa anaita mbinu hiyo muziki wa kimya. Mwaka 1934 akairudia kwenye Our Daily Bread, filamu aliyoifadhili mwenyewe: wakulima wanachimba mfereji wa maji na sururu zinapanda na kushuka kwa hesabu.

Sasa rudi kwenye The Champ ukiwa na sikio hilo. Mbio za asubuhi za baba na mwana zina mdundo mmoja, miguu miwili mikubwa na miwili midogo. Ngumi za ukutani zina mdundo. Mtoto anayezunguka chumba mwishoni ana mdundo uliovunjika, hatua tatu huku, anasita, hatua mbili kule. Siapi kwamba alipiga ngoma pale studio. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kuua kikosi kizima kwa metronomi hawezi kumtembeza mtoto ovyo.

---

NyotaYaMchana

Sawa, hoja ya daraja imeniingia. Mdundo pia. Ila nakomaa kwenye jambo moja: Jonah.

Kwa wasioiona, Dink ana rafiki mtoto Mweusi, Jonah, aliyeigizwa na Jesse Scott. Wanakula pamoja, wanashinda pamoja, hakuna mtu anayewatenganisha, na kwa 1931 hilo ni kitu. Lakini kila kamera ikimgeukia Jonah ni ili tucheke. Mwandishi hakumpa huzuni hata moja. Wakati wenzake wana baba wa kupoteza, yeye hana hata nyumba tunayoijua. Na mwongozaji ni huyuhuyu aliyetoka kutengeneza Hallelujah yenye waigizaji Weusi watupu na kupata uteuzi wa Oscar kwayo. Alijua jinsi ya kumtazama mtu Mweusi kwa kina alipotaka, ingawa hata Hallelujah ina mizigo yake.

---

MzeeWaProjekta

Hapo sina utetezi, mkuu. Umesema vilivyo.

---

KonaYaBluu

Swali la kizushi: ni kweli Beery alitunukiwa Oscar kwa sare? Nilisikia kijiweni nikadhani ni porojo.

---

UlingoMweupe

Kweli tupu. Sherehe ya Novemba 1932. Fredric March alishinda kwa Dr. Jekyll and Mr. Hyde, Beery akawa nyuma kwa kura moja tu. Kanuni za wakati ule zilisema tofauti ikiwa ndogo namna hiyo ihesabiwe sare, hivyo wote wawili wakapata. Bondia kashindwa kwa pointi moja, majaji wakatangaza droo. Ngumi tupu hizo.

---

MzeeWaProjekta

Na Frances Marion akachukua ya hadithi, ikiwa Oscar yake ya pili. Ya kwanza alishinda kwa The Big House ya 1930, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda Oscar ya uandishi. Dada huyo alishakwenda Ulaya kuripoti Vita vya Kwanza kabla ya hapo. Watu wakisema filamu za ngumi ni mambo ya wanaume, huwa namtaja yeye kisha nanyamaza. Vidor aliteuliwa akakosa. Aliteuliwa mara tano maishani kama mwongozaji bora, zote akatoka kapa, mpaka 1979 walipompa Oscar ya heshima akiwa mzee wa miaka 85. Ni mwaka uleule The Champ ya Zeffirelli inaingia kumbi za sinema. Angalia vituko vya dunia.

---

JiraniWaLikoni

Na yule mtoto? Alikuwa analia kweli? Maana watoto wa sinema siku hizi wanawekewa matone machoni.

---

MzeeWaProjekta

Kwenye Skippy, kabla ya The Champ, ilitumika njia ya kinyama. Mwongozaji alikuwa mjomba wake, Norman Taurog, na ili alie walimtishia kwamba mbwa wake atapigwa risasi. Cooper alipokuwa mtu mzima aliandika kumbukumbu zake, zilitoka 1981, na kichwa cha kitabu ni ombi la mtoto kwamba wasimpige risasi mbwa wake.

Humohumo Beery hakutoka na sifa. Ule upendo wote unaouona kwenye picha, nje ya kamera haukuwepo, Cooper alimwona mtu baridi anayegombea nafasi mbele ya kamera hata na mtoto. Na bado walifanya filamu nne pamoja, ikiwemo Treasure Island ya 1934. Kwa hiyo NyotaYaMchana, ukiuliza kipaji cha mwongozaji kiko wapi, anzia hapo: watu wawili ambao hawakupatana, na wewe BintiPangani unaogopa kuwatazama kwa sababu wanapendana mno.

---

MtotoWaKilabu

Sijawahi kuchangia jukwaa hili, huwa nasoma tu.

Nilikuwa Dink. Si kwa farasi. Baba alikuwa fundi magari mzuri sana, wa kutafutwa kutoka wilaya nyingine, halafu pombe ikamchukua. Kila jioni kazi yangu ilikuwa kumfuata kilabuni. Kuna namna ya kumtoa mlevi kwenye benchi mbele ya wenzake bila kumwaibisha. Huwezi kusema "baba twende nyumbani." Unasema "baba kuna mteja amekuja, gari yake imezima." Anasimama kama fundi. Anatembea kama fundi mpaka kona ya pili, hapo ndipo unamshika mkono.

Niliiona ile ya 1979 kwenye kibanda cha video nikiwa shule ya msingi, mtafsiri anapiga kelele juu ya maneno yao, watu wanacheka. Mimi niliangalia ukuta. Jana baada ya kusoma uzi huu nimeitafuta ya 1931 nikaitazama usiku. Alichosema Jirani kuhusu jina Champ ndicho nilichokuwa nafanya mimi. Nilikuwa namwita fundi.

---

JiraniWaLikoni

Ndugu yangu. Nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

Mzee yuko hai?

---

MtotoWaKilabu

Yupo. Aliacha mwenyewe, mwaka wa kumi sasa. Macho hayaoni vizuri lakini ukimletea injini anaisikiliza tu na kukwambia tatizo.

---

UlingoMweupe

Mwambie baba, kona hii tunamsalimia.

---

NyotaYaMchana

Mimi nafuta "mashine ya kukamua machozi" niliyoandika juu. Ya Jonah nabaki nayo.

---

BintiPangani

Nimerudi wapendwa. Nimevunja kiapo, saa saba za usiku, redio ya jirani inakoroma.

Mwisho nilikuwa nimejiandaa nao, nikapita salama. Kilichonimaliza ni pale mwanzo, mtoto anamlaza baba mlevi, anahangaika na zile nguo, na hana hasira hata kidogo usoni. Anafanya kama mtu anayefunga mlango wa kuku jioni. Kazi ya kila siku.

Mzee, Street Scene naipata wapi?